Baharia Aliyepewa Nishani Mbali na Bahari

SWALI: Mhariri, sisi vijana wa Kondele tumebishana sana: je, baharia aweza kupewa nishani ya ushujaa kwa vita vya nchi kavu? – Msomaji, Kisumu.

JIBU: Naam, aweza, kwa kuwa nishani hutazama tendo wala si mahali. Mfano ninaoupenda ni William Hall, mtu mweusi wa Nova Scotia, Kanada, aliyetumikia jeshi la majini la Uingereza. Uasi dhidi ya utawala wa Waingereza ulipozuka India mwaka 1857, mabaharia wa manowari Shannon, Hall akiwa mmoja wao, walishuka na mizinga mizito ya meli yao, wakaifikisha Lucknow, mji ulio bara kabisa. Tarehe 16 Novemba, mbele ya kuta za Shah Najaf, jengo la kaburi ambalo waasi walilifanya ngome, wenzake katika mzinga mmoja waliuawa au kujeruhiwa, wakabaki yeye na Luteni Thomas Young. Kila ulipofyatuliwa ulirudi nyuma kwa kishindo, nao wakausukuma tena mbele, wakashindilia baruti na kuupiga ukuta huku risasi zikiwamiminikia. (Waasi nao, tusisahau, walikuwa wakipigania nchi yao.) Wote wawili walipewa Victoria Cross, nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Uingereza, na Hall alivishwa yake mwaka 1859, akiwa bado baharia.