Jiko la Shangazi: Panettone Imebaki Nusu, Tuifanyeje?

Shikamoo Shangazi. Krismasi tuliletewa panettone mbili, ile mikate mitamu ya Kiitaliano yenye zabibu kavu na maganda ya machungwa. Ya kwanza tuliimaliza siku ileile, ya pili tukaila nusu tukaichoka. Niliifunika nikaiweka kwenye friji isiharibike, na leo nimeikuta ngumu, inapukutika kila nikiikata. Mume wangu anasema niitupe, lakini roho inaniuma. Kuna cha kufanya zaidi ya kuipasha moto na kuila na chai?

Marahaba mwanangu. Mwambie baba watoto asiiguse. Upishi wa vitindamlo nilifundishwa na mwokaji kutoka Milano, mji wenyewe wa panettone, na mzee yule hakuruhusu kabisa panettone laini iingie kwenye pudini. Aliikata vipande jioni, akavipanga kwenye trei bila kuvifunika, na asubuhi ndipo kazi ilipoanza. Mkate uliokauka hunywa maziwa au kahawa na bado ukasimama. Ule laini umekwisha kushiba siagi na unyevu wake, ukiulowesha tu unageuka tope.

Kwanza tuiondoe hiyo friji. Mkate haukauki kwa kupoteza maji peke yake. Wanga uliolainika wakati wa kuokwa hujipanga upya na kuwa mgumu, na baridi ya friji huharakisha jambo hilo kuliko hewa ya kawaida ya jikoni. Panettone iliyofunguliwa ifunge vizuri kwenye mfuko wake, uiache mahali pakavu pasipo na joto. Kama hutaila ndani ya siku chache, ikate vipande, uigandishe kabisa kwenye friza.

Sasa jambo ambalo ningependa kila msomaji alishike kabla hajafungua kitabu chochote cha mapishi: mkate huu tayari una utamu wake. Kwa sheria ya Italia ya mwaka 2005, mkate hauwezi kuuzwa kwa jina la panettone kama mafuta ya siagi hayafiki asilimia 16, viini vya mayai asilimia 4, na zabibu kavu pamoja na maganda ya machungwa yaliyopikwa kwa sukari asilimia 20. Hapo sijahesabu sukari iliyokandwa kwenye unga wenyewe. Basi ukichukua maelekezo ya pudini ya mkate wa kawaida ukayafuata neno kwa neno, utapata kitu kitamu cha kuchosha, kijiko cha pili hakipiti. Punguza sukari hadi theluthi. Siagi ya kupaka kwenye vipande iache kabisa.

Wewe nakushauri utengeneze tiramisu, kile kitindamlo cha Kiitaliano cha kahawa na krimu kinachopangwa kwa tabaka, kwa sababu uchungu wa kahawa na harufu ya ganda la chungwa vinapendana. Kata vipande vya unene wa kidole, uvikaushe kwenye oveni ya nyuzi 150 kwa dakika 10 hadi 15, kisha viache vipoe. Chukua viini 3 vya mayai na vijiko 3 vya sukari, uvipige kwenye bakuli lililokaa juu ya sufuria ya maji yanayochemka taratibu, mpaka viwe vizito na vya moto sana. Usiruke hatua hiyo, mayai mabichi si ya kuwalisha watoto wala wajawazito. Vikipoa, changanya na gramu 250 za mascarpone, jibini laini kama krimu nzito, na krimu kikombe kimoja iliyopigwa ikasimama. Kahawa iwe kali na isiwe na sukari hata chembe. Usikizamishe kipande ndani ya kahawa, kiguse upande mmoja tu na ukitoe, maana panettone hunywa haraka kuliko biskuti za tiramisu. Panga mkate, krimu, mkate, krimu, nyunyiza kakao, uache kwenye friji usiku mzima. Hapo friji ina kazi yake halali.

Shangazi, mimi ni kijana ninayejipikia. Nilijaribu pudini ya panettone, ikatoka kama uji juu na maji chini. Mayai nilitia, maziwa nilitia. Nilikosea wapi?

Kwenye moto, mwanangu, na huenda kwenye maziwa pia. Maji uliyoyaona chini ni mayai yaliyopikwa kupita kiasi. Yakizidi joto hukaza, yakajikamua maji yote yaliyoyashika.

Chukua gramu 300 za panettone kavu, mayai 3, maziwa nusu lita, na sukari kijiko kimoja kikubwa au viwili. Pasha maziwa yawe vuguvugu, yamimine juu ya mayai huku unapiga, kisha yachuje. Mwagia mkate, ukandamize kidogo kwa mwiko, na usubiri nusu saa. Vijana hamna subira, najua, lakini nusu saa hiyo ndiyo pudini yenyewe. Mkate ambao haujalowana hadi katikati huacha maziwa yakizunguka bila kushikwa na chochote. Kisha weka bakuli ndani ya trei pana, jaza maji ya moto hadi nusu ya ubavu wa bakuli, uoke kwa nyuzi 160 kwa dakika 45 hivi. Itoe wakati katikati bado panatikisika kidogo. Itamalizika kuiva yenyewe ikiwa mezani.

Huna oveni? Funika bakuli kwa karatasi ya foili, uipike kwa mvuke kwenye sufuria, moto mdogo. Utakosa ule uso wa kahawia, ladha utaipata yote.

Dada yangu, nakuita hivyo kwa kuwa umri wetu haupishani sana. Kwetu imebaki pandoro, ule mkate mwingine mtamu wa Krismasi wa Kiitaliano, siyo panettone. Maelekezo ni yaleyale?

Karibu dada. Pandoro ya Verona haina matunda na ni laini zaidi, kwa hiyo pudini yake hupooza. Faida yake ni umbo. Ikatwe kwa upana, kila kipande kinatoka nyota yenye pembe nane. Zipange nyota hizo moja juu ya nyingine, kila moja ukiizungusha kidogo ili pembe zipishane, na katikati utie krimu na matunda yenye uchachu. Makombo yake yasage, gramu 200 uchanganye na gramu 100 za chokoleti nyeusi uliyoiyeyusha na krimu robo kikombe, viringa vidonge, vipitishe kwenye kakao. Watoto watakusaidia bila kuitwa.

Shangazi, panettone yangu ina doa la kijani upande mmoja tu. Nikikata hapo, iliyobaki naweza kuioka upya? Na huwa inakaa hadi lini?

Itupe yote, mama. Mkate ni laini na una matundu, na nyuzi za kuvu husambaa ndani mbali na lile doa unaloliona. Kuoka upya hakuondoi sumu ambayo baadhi ya kuvu huiacha.

Ama kukaa, Milano wana desturi ya kuweka kipande cha panettone ya Krismasi hadi tarehe 3 Februari, sikukuu ya Mtakatifu Biagio anayeombwa alinde koo, wakakila asubuhi kikiwa kikavu. Chako ukikiweka hadi siku hiyo, kikague pande zote kwenye mwanga kabla hujakila, chini hasa, pale karatasi ilipoganda.