Kompyuta nzima kwenye faili moja

Swali: Fundi, kompyuta yangu ya mezani inatumia Linux. Haupiti mwaka bila sasisho fulani kuivuruga, nami naanza upya: programu, printa, mipangilio, siku nzima imekwisha. Nimesikia kwamba ukiwa na NixOS, aina nyingine ya Linux, unaiandika kompyuta unavyoitaka kwenye faili, basi. Ni kweli? Na diski ikifa, faili hilo litanirudishia kila kitu?

Jibu: La kwanza ni kweli. La pili ni nusu tu.

Linux uliyoizoea unaiamrisha hatua kwa hatua: weka hiki, hariri kile, washa huduma ile. Miezi 6 baadaye hata wewe mwenyewe hukumbuki ulifanya nini. NixOS unaieleza unataka kompyuta iweje, kazi ya kufika huko ni yake. Maelezo hayo yanakaa kwenye `/etc/nixos/configuration.nix`, hivi:

```
time.timeZone = "Africa/Dar_es_Salaam";
services.printing.enable = true;
services.printing.drivers = [ pkgs.hplip ];
environment.systemPackages = with pkgs; [
  firefox libreoffice gimp
];
```

Mstari wa pili unawasha huduma ya kuchapa, wa tatu unaleta dereva za printa za HP. Ukihifadhi, unatoa amri `sudo nixos-rebuild switch`. Ukisahau nukta mkato moja (na utaisahau, mimi bado naisahau) inagoma papo hapo, kabla haijagusa chochote. Ukifuta neno `gimp` ukarudia amri, GIMP inaondoka.

Dawa ya tatizo lako ni hii: kila ukitoa amri hiyo baada ya kubadili kitu, kinazaliwa kizazi kipya cha mfumo, yaani toleo lake zima, na vile vya zamani vinabaki kwenye menyu ya kuwashia. Sasisho likikuletea skrini nyeusi, zima, washa, chagua kizazi cha jana, endelea na kazi.

Sasa ile nusu. Faili linaujua mfumo, halizijui picha za harusi yako wala nyaraka zako. Hizo zinataka nakala zake kwenye diski nyingine, kama zamani. Na faili lenyewe liweke pia kwenye flashi au Git (programu ya kutunza matoleo ya faili) iliyo na nakala nje ya kompyuta hiyo. Nimeona watu wameliacha kwenye diski ile ile iliyokufa. Ukihamia mashine nyingine, `hardware-configuration.nix`, faili linaloeleza vifaa vya mashine, usiibebe, itengeneze upya huko kwa `nixos-generate-config`. Nywila usiziandike humo kamwe: yaliyomo huishia `/nix/store`, ghala la programu na mipangilio ya NixOS, ambako kila mtumiaji wa kompyuta hiyo anaweza kusoma.

Gharama ipo, nayo ni bando. Kila programu imefungwa na vile inavyovitegemea, kwa hiyo maktaba ya msingi (msimbo unaotumiwa na programu nyingi) ikibadilika, karibu kila kitu kinapakuliwa upya. Diski nayo inajaa vizazi. Wengi hukimbilia `sudo nix-collect-garbage -d`, inayofuta vizazi vyote vya zamani na kukuacha bila pa kurudi. Tumia `sudo nix-collect-garbage --delete-older-than 30d`.

Jambo moja litakukera: programu uliyoipakua tu mtandaoni mara nyingi haitafunguka, maana NixOS haiweki maktaba pale Linux nyingine zinapoziweka. Kabla hujakata tamaa, ongeza `programs.nix-ld.enable = true;` ujaribu tena.

Usiisakinishe leo kwenye kompyuta ya kazi. Ijaribu kwanza ndani ya VirtualBox, programu ya kuendesha kompyuta ya kuigiza ndani ya kompyuta yako, wiki mbili, uivuruge makusudi, uone kama unaweza kurudi.