Usiiache hiyo 504 kwa sababu ya milango

Ndugu, umeuliza kama ununue Peugeot 504 saluni ya milango minne au usubiri kupe (coupé), ile ya milango miwili. Chukua saluni. Zamani kule Marekani, Chevrolet Bel Air ya 1957 yenye milango minne ilichinjwa spea ili kuokoa ya milango miwili. Siku hizi watu wanaifufua hiyo ya minne yenyewe: bei ina nafuu, na watoto wanapanda nyuma bila kukunja kiti. Halafu 504 saluni ndiyo aliyoshinda nayo dereva Ove Andersson Safari Rally ya 1975. Kupe ilingoja ushindi huo hadi 1978! Ila kabla ya kulipa, inua kapeti, bonyeza sakafu kwa bisibisi. Ikizama, ni kutu, ondoka. Raba za milango utanunua nne, hapo jipange.