Zamu ya usiku kwenye kinu kikongwe: maswali yenu na majibu yangu

Tangu nitaje kazi inayonipa ugali, maswali hayakatiki. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, na huu ni mwaka wa 19 nikiwa opereta wa kinu cha nyuklia huku Marekani, kinu cha maji ya presha kilichowashwa miaka ya 1970, kabla mama hajaniota. Jina la mtambo mtanisamehe. Mwajiri hapendi, na mimi nina ada za watoto. Nimeyapunguza maneno maswali yaliyokuwa marefu. Salamu zote zimefika.

Kaka, hivi humo ndani mnafanya nini hasa? Au mnakaa tu mkitazama taa? (Msomaji, Morogoro)

Tunatazama taa, ndiyo. Zamu ni saa 12, na zamu nzuri ni ile ambayo ukiulizwa nyumbani "vipi leo?" huna la kujibu.

Chumba chetu cha kuendeshea kingekushangaza. Ulikuwa unategemea vioo vya kugusa, utakuta geji za mishale, swichi za kushika kwa kiganja kizima, na juu yake safu za vidirisha vya tahadhari, mamia kwa mamia, kila kimoja na maandishi yake. Kompyuta zipo, ila zimekuja baadaye, kama bati jipya juu ya nyumba ya udongo.

Waendeshaji tuko wa namna mbili. Wa chini, ambako mimi nilianzia, huzunguka mtambo mzima kwa miguu: kusoma geji, kunusa, kusikiliza pampu, kuinamisha tochi chini ya mabomba. Wa juu wana leseni ya serikali na ndio wanaoshika paneli. Leseni hiyo ni ya kinu hicho hicho tu. Nikihamia mtambo mwingine kesho, naanza darasa upya.

Halafu kuna kusema kwetu. Mkuu wa zamu akitoa amri, nairudia neno kwa neno, naye anathibitisha kwamba nimesikia sawa, ndipo mkono unasogea. Mke wangu alinituma sokoni siku moja nikamrudishia orodha yote ya vitunguu na bamia mbele ya wageni. Hajanisamehe.

Gari la mwaka 1975 silipandi hata kufika Segera. Nyinyi mnaendeshaje kinu cha umri huo? (Dereva mstaafu, Korogwe)

Mzee wangu, shikamoo. Swali lako ndilo kubwa kuliko yote humu, kwa hiyo nivumilie.

Kwanza umri wenyewe. Leseni za kwanza za vinu vya Marekani zilikuwa za miaka 40, na watu wengi hudhani wahandisi walipiga hesabu wakaona chuma kitachoka hapo. Sivyo. Miaka hiyo ilitoka kwenye sheria ya nishati ya atomiki ya 1954, na hoja zake zilikuwa za fedha na ushindani wa biashara. Baadaye ikaruhusiwa kuongeza 20, na sasa 20 nyingine juu yake. Turkey Point kule Florida ndio uliotangulia kupewa ruhusa ya kufika miaka 80, Desemba 2019. Nine Mile Point namba 1 wa New York na Beznau wa Uswisi ulianza 1969 na yote miwili bado inatoa umeme.

Pili, kinu cha miaka 50 si chuma kile kile cha miaka 50. Wewe dereva unalijua hili: gari limebadilishwa injini, giaboksi na viti, limebaki na chasisi. Kwetu pampu hubadilishwa, nyaya hubadilishwa, hata jenereta za mvuke zenye uzito wa mamia ya tani hung'olewa na kuwekwa mpya. Chasisi yetu ni chungu kikubwa cha chuma kinachobeba fueli. Nyutroni, chembe ndogo zinazoruka atomi zikipasuka, hukipiga miaka yote na chuma kikazidi kuwa kikavu, yaani badala ya kupinda kinaelekea kupasuka. Ndiyo maana waliojenga walitundika vipande vya chuma kile kile humo ndani tangu siku ya kwanza. Kila baada ya miaka kadhaa kinatolewa kipande, kinavunjwa maabara, tunajua chungu kimefika wapi. Wafini walifika mbali zaidi: mwaka 1996 chungu cha Loviisa 1 walikipasha moto upya ili chuma kirudishe ulaini wake.

Kwa hiyo chungu hakininyimi usingizi, maana macho yote yako kwake. Kinachoninyima usingizi ni bomba ambalo halimo kwenye orodha ya mtu.

Mihama namba 3, Japani, tarehe 9 Agosti 2004: bomba la maji ya moto lilipasuka upande wa turbini, likaua wafanyakazi watano. Mionzi haikuhusika hata chembe, ni mvuke. Ukuta wa bomba ulikuwa milimita 10 ulipowekwa, ukaliwa na maji hadi milimita 1.4, na sehemu ile haikuwahi kupimwa tangu mtambo uanze 1976. Iliachwa nje ya orodha ya ukaguzi.

Davis-Besse, Ohio, mwaka 2002, ni jambo la aibu zaidi. Maji yetu yana asidi ya boroni, na yakivuja huacha unga mweupe kama chumvi ya mashambani kwetu. Pale yalivuja juu ya kifuniko cha kinu miaka kadhaa. Picha za mwaka 2000 zinaonyesha unga umegeuka rangi ya kutu na kutiririka. Vichujio vya hewa vilikuwa vikiziba kwa kutu. Kila mtu aliona kipande chake, na kazi ikaendelea. Machi 2002 wakakuta asidi imekula chuma chote, unene wa kama sentimita 16, ikabaki ngozi ya ndani ya chuma kisichoshika kutu, chini ya sentimita moja, ndiyo peke yake inazuia presha.

Ndiyo maana kijana mpya akija kwenye mzunguko na mimi, namwonyesha unga mweupe kwenye shina la valvu na kumuuliza: jana ulikuwa mkubwa hivi? Akisema "sikumbuki," tunarudi kusoma daftari la zamu.

Kwani si mna kitufe cha kuzima? Mkibonyeza, mambo si yameisha? (Mwanafunzi, Bujumbura)

Kitufe kipo. Ukibonyeza, fito za kudhibiti zinadondoka na mnyororo wa atomi kupasuka unakatika kwa sekunde chache. Lakini umewahi kuona makumbi ya nazi yakiachwa jikoni usiku? Mwali hakuna, na asubuhi ukitia mkono unaungua.

Kinu cha megawati 3,000 za joto, sekunde ya kwanza baada ya kuzimwa, bado kinatoa kama megawati 200. Kituo cha New Pangani Falls kwetu Tanga kina 68 za umeme. Piga hesabu mwenyewe. Baada ya siku nzima bado zimebaki kama 15. Joto hilo halina swichi, lazima maji yazunguke. Fukushima, Machi 2011, vinu vilivyokuwa vikifanya kazi vilijizima vyenyewe mara ardhi ilipotikisika. Tsunami ikazamisha jenereta za dizeli, pampu zikasimama.

Nasikia ajali ya Three Mile Island ilikuwa uzembe wa watu kama wewe. Kweli au uongo? (Msomaji, Nairobi)

Hapa utaniwia radhi nikipandisha sauti.

Saa kumi alfajiri, 28 Machi 1979, kinu namba 2 kilijizima. Valvu ya kupunguza presha ilifunguka kama ilivyotakiwa, kisha ikakwama wazi. Kwenye paneli, taa yake ikazimika. Kwa opereta, taa imezimika maana yake valvu imefunga. Kumbe taa ile haikuwa imeunganishwa na valvu! Ilionyesha tu kwamba *amri* ya kufunga imetumwa. Ni kama kumwambia mtoto akafunge mlango, kisha ukalala ukiamini umefungwa kwa sababu ulimwambia.

Ongeza hapo tahadhari zaidi ya mia moja zikilia pamoja, na printa ya kompyuta iliyoelemewa mpaka ikawa inachapa habari za zaidi ya saa mbili nyuma. Ongeza pia mafunzo: walifundishwa kuogopa sana tangi la kudhibiti presha lisijae maji pomoni. Wakaona kiwango kinapanda, wakapunguza maji ya dharura. Maji yalikuwa yanapanda kwenye geji huku kinu kikikauka. Ilichukua zaidi ya saa mbili mtu kufunga valvu ya akiba, na karibu nusu ya fueli ikayeyuka.

Walikosea? Ndiyo. Lakini Septemba 1977 aina ile ile ya valvu ilikwama wazi mtambo mwingine, na waendeshaji wa pale nao wakasoma vibaya vile vile. Ni Davis-Besse, huyo huyo. Bahati yao kinu kilikuwa kwenye nguvu ndogo. Onyo halikuwafikia wenzao wa Three Mile Island. Sasa uzembe uuweke mezani kwa nani?

Baada ya hapo ndipo kila mtambo ukalazimika kuwa na simuleta iliyonakili chumba chake chenyewe, mpaka mikwaruzo kwenye swichi. Kila wiki ya tano au ya sita tunarudi humo na wakufunzi wanatuvunjia vitu. Mtihani wangu wa kwanza wa leseni nilianguka. Unataka kujua kwa nini? Niliiamini taa moja bila kutazama geji ya pili iliyokuwa kushoto kwangu, nusu mita.

Shangazi wa mchumba wangu anasema wafanya kazi wa nyuklia hawazai. Nimjibuje? (Bwana harusi mtarajiwa, Muscat)

Mwambie shangazi nina watatu, na wa mwisho anafanana na mimi mpaka masikio.

Sheria ya Marekani inaruhusu mfanyakazi hadi milisiveti 50 (kipimo cha mionzi mwilini) kwa mwaka. Mtu wa kawaida huku Marekani hupata kama 3 kutoka ardhini, angani na kwenye chakula. Mimi mwaka wa kawaida sifiki hata 1 ya kazini, kwa sababu chumba cha kuendeshea kiko nje ya mionzi. Wanaochota zaidi ni mafundi wakati wa kubadilisha fueli.

Ila kuna kisa shangazi atakipenda. Desemba 1984, mhandisi Stanley Watras alikuwa akililiwa kengele na mashine za kupima mionzi kila siku kwenye mtambo wa Limerick, Pennsylvania. Ajabu ni kwamba mtambo ulikuwa haujaanza kufanya kazi. Wakachunguza, wakakuta anaileta kutoka nyumbani: gesi ya radoni ilikuwa ikitoka ardhini na kujaa ndani ya nyumba yake. Mpaka leo, siku za baridi nikivaa shati la poliesta, radoni hunasa kwenye nguo na mlango wa kutokea unanilia. Nakaa benchi nusu saa inapungua yenyewe, wenzangu wakipita wananicheka.

Kenya ikijenga kinu, vijana wetu wataendesha wenyewe au wataletwa Wachina na Warusi? (Msomaji, Kilifi)

Najua swali hili lina uchungu kwenu, baada ya watu wa Uyombo kuandamana 2024 kukipinga kinu. Tangu hapo serikali imekuwa ikitaja Siaya. Sitaingia kwenye siasa ya kiwanja.

Kuendesha wanaweza, mradi waanze kufundishwa kabla ya zege. Tazama Barakah, Abu Dhabi: kinu cha kwanza kiliunganishwa kwenye gridi 2020, na Waimarati walikuwa wakisomeshwa miaka mingi kabla, wakikaa na Wakorea waliojenga. Kwetu mimi, kutoka opereta wa chini hadi leseni ilinichukua karibu miaka saba, na darasa la leseni peke yake ni mwaka na nusu hadi miwili. Afrika ina kituo kimoja tu cha umeme wa nyuklia kinachofanya kazi, Koeberg karibu na Cape Town, cha tangu 1984. Kinu chake cha kwanza kiliongezewa miaka 20 mwaka 2024. Ningekuwa na sauti Nairobi, ningepeleka vijana huko kwanza, wakajifunze uzee wa mtambo kabla ya upya wake.

Na wavuvi wasisahauliwe kwenye mkutano. Agosti 2025 vinu vinne vya Gravelines, Ufaransa, vilisimama kwa sababu ya yavuyavu waliojaa kwenye vichujio vya maji ya bahari. Mvuvi angewaambia msimu wake.

Mshahara? (Wengi mno)

Mwenye leseni hupata zaidi ya dola 100,000 kwa mwaka. Toa kodi, toa usingizi, toa Idi mbili kati ya tatu.

Ramadhani unafungaje kwenye zamu ya usiku, na swala je? (Dada, Zanzibar)

Dada yangu, usiku ndio rahisi: nafuturu kabla ya kuingia na daku nakula kazini. Zamu ya mchana ndiyo inakausha koo.

Swala ina utaratibu. Sakafuni kuna mstari unaozunguka paneli, na mwenye leseni aliyekabidhiwa haruhusiwi kuuvuka bila mwingine kumpokea. Kwa hiyo ikifika Isha namtazama mwenzangu, Mmarekani mweupe wa Kibaptisti aliyefanya kazi hapa tangu nikiwa shule ya msingi. Anasogea. Namwambia nguvu ya kinu, presha, joto, na kama kuna tahadhari yoyote iliyowaka. Anarudia yote. Nasema ni sahihi. Anasema, "Paneli ni yangu," nami navuka mstari. Nikirudi baada ya dakika nane tunaanza tena kutoka juu: nguvu, presha, joto.