Fizikia au Biolojia Kidato cha Tatu: alama zako hazijaamua

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni msichana wa Kidato cha Tatu, naishi Kisauni, Mombasa. Shuleni kwetu wamesema kuanzia muhula ujao Fizikia na Biolojia zitafundishwa kwa wakati mmoja, kwa hivyo kila mmoja aache moja. Masomo mengine nitakayobaki nayo ni Kiingereza, Kiswahili, Hisabati, Kemia, Dini ya Kiislamu, Jiografia na Biashara. Mtihani uliopita nilipata Biolojia 58 (nafasi ya 61 kati ya 112), Fizikia 46 (nafasi ya 27), Kemia 49 na Hisabati 41 (nafasi ya 33). Mimi nataka uhandisi wa meli. Nyumbani wanataka uuguzi, na wanasema alama zenyewe zimeshaamua. Rafiki yangu ananishauri nichukue zote mbili, moja niisome tuisheni. Nifanye nini?

JIBU: Marahaba, binti yangu. Alama zako hazijaamua kitu. Ile 58 ya Biolojia na 46 ya Fizikia zimetoka kwenye mitihani miwili tofauti, na hata kwenye KCSE (mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari hapa Kenya) hazitapewa gredi kwa kipimo kimoja. KNEC, baraza la mitihani la taifa, hupanga mipaka ya gredi ya kila somo peke yake, baada ya karatasi kusahihishwa. Alama ambayo kwenye somo moja ni C, kwenye jingine inaweza kuwa B. Kwa hivyo tazama nafasi. Wenzako wale wale 112 walifanya mitihani yote miwili: kwenye Biolojia wasichana 60 wamekupita, kwenye Fizikia ni 26 tu. Karatasi ya Fizikia ilikuwa ngumu kwa kila mtu, nawe uliistahimili kuliko wengi. Waonyeshe wazazi nafasi hizo kabla ya kuwaonyesha asilimia.

Mtihani mmoja hautoshi, lakini. Tafuta matokeo ya mihula mitatu iliyopita na uandike nafasi zako za masomo haya mawili. Zikiwa zinakwenda upande mmoja, una jambo la kusimamia. Zikiwa zinaruka ruka, huu mtihani wa mwisho ulikuwa bahati, njema au mbaya.

Sasa tuje kwenye milango, kwa sababu kila somo unaloliacha linafunga mlango wake. Ukiacha Biolojia, uuguzi, utabibu, udaktari na ufamasia umeviaga. Hakuna njia ya kuzunguka. Ukiacha Fizikia, uhandisi wa shahada umeuaga vilevile, kwani kundi la masomo linalotumiwa na KUCCPS (shirika linalowapangia wanafunzi nafasi vyuoni) kwa uhandisi ni Hisabati, Fizikia, Kemia na somo la nne ambalo lina nafasi ya kuchagua. Kwa udaktari na kozi zinazofanana nao, kundi ni Biolojia, Kemia, Hisabati au Fizikia, kisha somo la nne, ambalo huwa lugha au somo jingine.

Isome tena hiyo "Hisabati au Fizikia", maana ndiyo inayonipa wasiwasi kuliko swali ulilouliza. Ukibaki na Biolojia, Fizikia haipo tena ya kukusaidia, na nafasi ile ya tatu itabebwa na Hisabati peke yake. Ukibaki na Fizikia, Hisabati ni sharti tangu mwanzo. Njia zote mbili zinapita kwenye ile 41 yako. Nafasi ya 33 kati ya 112 si mbaya, lakini vyuo vingi hutaka angalau C+ katika kila somo la msingi la uhandisi, na upungufu wa Hisabati haufidiwi na wingi wa pointi za Dini au Biashara.

Nikuonyeshe kwa tarakimu. Fomula ya kukadiria pointi za kundi huchukua jumla ya masomo manne ya kundi kugawanya kwa 48, mara jumla ya masomo saba kugawanya kwa 84, kisha kipeuo cha pili cha jibu hilo mara 48. Tuseme una Hisabati B- (8), Fizikia B+ (10), Kemia B (9) na Dini A- (11). Jumla ni 38. Masomo saba yakiwa na pointi 66, utapata karibu 37.9. Hisabati ikianguka hadi C (6), jumla mbili zinashuka hadi 36 na 64, nawe unabaki na karibu 36.3. Umepoteza pointi moja na nusu, lakini kibaya zaidi ni kwamba C iko chini ya C+, na ombi lako la uhandisi linakwama hapo hapo hata kama pointi zingetosha. Haya ni makadirio ya nyumbani. Hesabu rasmi hufanywa na KUCCPS wenyewe.

Kuhusu tuisheni: usifanye. Masomo haya mawili yanapimwa kwa namna moja. Karatasi ya 1 na ya 2 zina alama 80 kila moja, na zile 160 hushushwa kuwa 60. Karatasi ya 3, ya maabara, ina alama 40 na huingia zote bila kupunguzwa. Maana yake alama moja ya maabara ina uzito wa karibu alama tatu za nadharia. Mwalimu wa tuisheni atakufundisha nadharia mezani, lakini hana benchi, mizani, vioo wala kemikali za kukufanyia mazoezi mwaka mzima. Wanaosoma somo la sayansi pembeni huingia chumba cha mtihani wakiijua nadharia, mikono ikiwa haijazoea.

Sasa tazama ni wapi kila somo linakula alama. Kwenye Fizikia maabara ni saa mbili na nusu, maswali mawili ya alama 20 kila moja. Chukua jaribio la pendulamu. Uzi wa sentimita 50, unahesabu mizunguko 20, saa inasoma kama sekunde 28.4. Mzunguko mmoja ni sekunde 1.42, kipeo chake cha pili ni karibu 2.02. Unarudia kwa urefu tofauti, unachora grafu ya kipeo cha pili cha muda dhidi ya urefu, na mteremko ukiwa sawa ni karibu 4.0. Alama hupotea kwenye mambo madogo: mhimili bila kipimo, skeli ndogo hadi grafu inajikunja pembeni ya karatasi, mteremko uliopigwa kwa namba za jedwali badala ya nukta mbili zilizo mbali kwenye mstari wenyewe. Kosa kubwa zaidi ni kuacha urefu kwa sentimita. Hapo mteremko unakuwa 0.04, na mchapuko wa mvutano wa dunia (g) unatoka karibu 980 badala ya 9.8. Wengi huandika jibu hilo na kufunua ukurasa unaofuata. Mwanafunzi anayesimama na kujiuliza "980 inawezekanaje?" ndiye mtu wa Fizikia, hata akiwa na 46.

Biolojia inadai nidhamu ya aina nyingine: maneno. Maabara yake ni saa moja na dakika 45, na kipimo cha chakula hutokea mara kwa mara. Mwanafunzi anaandika kwenye safu ya uchunguzi kwamba sukari ipo. Hilo ni hitimisho. Uchunguzi ni rangi: myeyusho wa Benedict ulikuwa buluu, baada ya kupashwa moto ukawa kijani, njano, kisha rangi ya matofali. Akisahau kuandika kwamba alipasha moto, alama ya utaratibu imekwenda. Kwenye ukuzaji wa mchoro, mchoro wa milimita 90 wa kitu cha milimita 30 ni mara 3, bila kipimo chochote. Jina la kisayansi likiandikwa kwa mkono hupigwa mstari chini, jenasi ikianza kwa herufi kubwa, spishi kwa herufi ndogo. Na kwa kuwa mtihani ni wa Kiingereza, neno la kitaalamu likiandikwa vibaya hadi likasomeka kuwa jingine, halihesabiwi. Usidhani pia kwamba kuacha Fizikia ni kukimbia hesabu. Swali la 6 la karatasi ya pili ya Biolojia ni la lazima, lina alama 20, na huja na data na mara nyingi grafu. Jenetiki ya Kidato cha Nne nayo ni uwiano mtupu.

Kwa hivyo fanya hivi kabla muhula haujaisha. Chukua karatasi zako zilizosahihishwa, tatu za kila somo, na kalamu za rangi tatu. Rangi ya kwanza: alama uliyopoteza kwa sababu hukujua kabisa. Ya pili: ulijua lakini ukakosea hesabu au kipimo. Ya tatu: ulijua lakini hukulisema inavyotakiwa. Zijumlishe. Rangi ya pili hupona kwa mazoezi ya wiki chache, ya tatu kwa kusoma miongozo ya usahihishaji. Rangi ya kwanza ndiyo nzito, kwa sababu ni mada nzima za kusoma upya huku mada mpya zinaendelea. Somo lenye rangi ya kwanza nyingi zaidi ndilo litakalokuchosha mwakani.

Halafu jipe wiki moja kwa kila somo, ukisoma peke yako mada ya mbele ambayo mwalimu hajaigusa. Fizikia soma kuelea na kuzama (anayetaka uhandisi wa meli hana mada inayomhusu zaidi, Kilindini nzima imesimama juu yake). Biolojia soma jenetiki. Mwisho wa kila wiki fanya maswali kumi bila kufungua kitabu. Angalia pia uliyarudia maswali yepi bila kusukumwa na mtu.

Kwa nafasi ulizonitumia, na kwa unachokitaka, mimi ningekuambia ubaki na Fizikia, mradi zoezi la rangi lisionyeshe kinyume na mradi uanze Hisabati leo, si likizo. Saa moja kila siku, karatasi ya kwanza na ya pili kwa zamu. Ukikuta rangi ya kwanza imejaa Fizikia, au ukigundua kwamba uhandisi unaupenda kwa sababu ya meli kupendeza bandarini, basi Biolojia ni chaguo la heshima, na uuguzi ni kazi yenye ajira na thawabu. Wazazi wako hawajakosea kuutaja. Ila wasikuchagulie kwa ile 58.

Jambo moja la baharini ambalo wanafunzi huambiwa wakiwa wamechelewa: mkataba wa kimataifa wa STCW unataka mabaharia wapimwe afya, pamoja na kuona rangi. Maafisa wa sitaha hubanwa zaidi, lakini wahandisi wa mitambo nao hupimwa. Nenda kliniki ya macho, waombe kipimo cha rangi cha Ishihara. Ni kitabu cha vitone, dakika chache tu. Ukiwa na shida hapo, uhandisi wa nchi kavu bado uko wazi na Fizikia yako haijapotea.

Mwisho, usajili. Nyinyi ndio kundi la mwisho la 8-4-4 (mfumo wa zamani wa miaka minane ya msingi, minne ya sekondari na minne ya chuo), KCSE yenu ni ya 2027, kwa hivyo kosa la karatasi litakuwa gumu kurekebishwa kuliko kwa waliotangulia. Usajili wa KNEC hufanywa mwanzoni mwa Kidato cha Nne. Orodha ikiletwa darasani, usitie saini kwa kuona jina lako tu. Biolojia ni 231, Fizikia ni 232, Kemia ni 233, na kidole cha anayepiga chapa huteleza kirahisi kutoka namba moja hadi ya pili. Hisabati iwe 121, si 122, kwani 122 ni ile mbadala ambayo haikufikishi kwenye uhandisi. Omba nakala ya ukurasa wenye masomo yako na uiweke nyumbani.