Maswali ya Wasomaji: Nitafanya nini kwenye mji wa theluji?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu mstaafu wa Isevya, Tabora. Binti yangu anayefanya kazi Lyon, Ufaransa, amenialika mwezi wa pili twende na wakwe zake Les Arcs, kwenye milima ya Alps, wanakokwenda watu kuteleza kwenye theluji. Mimi sitelezi na sitaki kujifunza. Je, ni mji wa kawaida wenye soko na wenyeji wake, na asiyeteleza hushinda akifanya nini?

JIBU: Shikamoo, Mwalimu. Mji wa kawaida sio, na ni vizuri ulijue hilo kabla hujafunga mizigo. Tabora ilikua kwa misafara na baadaye reli, lakini Les Arcs ilichorwa kwanza kwenye karatasi, kisha ikajengwa mahali palipokuwa malisho ya kiangazi. Sehemu ya kwanza, Arc 1600, ilifunguliwa mwaka 1968, wakati serikali ya Ufaransa ikihimiza ujenzi wa vituo vya namna hiyo milimani. Namba hiyo ni kimo chake kwa mita. Tabora iko kwenye mita 1,200 hivi, kwa hiyo usishangae pumzi zikikupaa kwenye ngazi, na kama una shinikizo la damu, muone daktari kwanza.

Charlotte Perriand, mmoja wa wabunifu wa Les Arcs, aliyalaza majengo kwenye mteremko ili yasiuzibe mlima, na jiko akaliacha wazi kuelekea sebuleni ili mpishi asitengwe na wageni. Wazo zuri, ingawa kusonga ugali wa watu sita humo ni shughuli. Ukitaka soko na wazee waliozaliwa papo hapo, shuka bondeni Bourg-Saint-Maurice kwa treni inayovutwa kwa kamba ya chuma, safari ya dakika saba tu kutoka Arc 1600.

Wasioteleza hutembea kwenye njia zilizoshindiliwa, hupanda vibanda vinavyoning'inia kwenye waya hadi juu, au huota jua barazani. Asubuhi theluji iliyokanyagwa huwa ngumu na telezi kama sakafu yenye sabuni, kwa hiyo kodi buti zenye soli ya meno. Usivae jinzi: mimi nilianguka mara moja tu, ikalowa, na kabla sijafika mlangoni ilikuwa imekakamaa kama bati. Miwani ya jua na mafuta ya kuzuia jua usiviache, hata sisi weusi, kwa sababu theluji huurudisha mwanga usoni kutoka chini, ambako kofia haisaidii.

Viza ya Ufaransa hudai bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000. Na ukiwachukulia wakwe asali ya Tabora, isizidi kilo mbili, uiweke kwenye begi kubwa, maana kwenye begi la mkononi itazuiwa uwanja wa ndege.