Maswali yenu: Kadi ya giga 10 inatoa megabiti 480 tu

SWALI: Habari za kazi. Nataka kupima ruta kabla sijaiingiza kazini, nimewasha pktgen (kitengeneza paketi cha Linux), pkt_size yaani ukubwa wa paketi nimeweka baiti 60, kadi ya mtandao ni ya giga 10 lakini inaishia megabiti 480, yaani kama paketi milioni moja kwa sekunde. Alafu nikifungua tcpdump (programu ya kuchungulia paketi) kwenye mashine hiyohiyo sioni hata paketi moja, na ruta nayo haihesabu kitu. Kadi mbovu au mi ndo nimekosea?

JIBU: Kwa hizo dalili sioni sababu ya kuilaumu kadi, ndugu. Tcpdump kwanza: pktgen inakaa ndani ya kerneli (kiini cha mfumo) na inamkabidhi draiva wa kadi paketi mkononi bila kupita njia ya kawaida, na tcpdump inachungulia kwenye hiyo njia ya kawaida, ndo maana haioni kitu. Angalia kaunta za kadi kwa ethtool -S, au weka tcpdump upande wa kupokea.

Kuhusu ruta, cheki dst_mac, yaani MAC (anwani ya kifaa) ya anayepokea. Pktgen haijisumbui na ARP (njia ya kuulizia MAC ya jirani), usipoiandikia MAC ya poti ya ruta inayokutazama itatuma kwenye anwani ya sufuri tupu na ruta itazitupa maana si zake. Kwenye dst weka IP ya mashine iliyoko ng'ambo ya ruta, sio ya ruta yenyewe.

Sasa hesabu, na hapa ndo penye mambo. Hiyo 60 uliyoweka ni sawa kabisa, kadi inaongeza baiti 4 za kukagua makosa zinafika 64, ambayo ndo fremu ndogo kuliko zote kwenye Ethernet, alafu kwenye waya kila fremu inakula baiti 20 zaidi za utangulizi na nafasi ya kupumua, jumla 84. Kwa hiyo giga 10 ikijaa ni paketi milioni 14.88 kwa sekunde, we uko kwenye asilimia 7 hivi. Fremu zikiwa za baiti 1518 waya huohuo unajazwa na paketi 812,743 tu! Ruta inasoma kichwa cha kila paketi iwe kubwa au ndogo, kwa hiyo kinachoichosha hasa ni idadi, na ripoti yako iandike kwa paketi kwa sekunde, megabiti peke yake zinadanganya.

Kupandisha spidi weka clone_skb 1000 ili isitengeneze paketi upya kila mara (kwenye kadi za mashine pepe mara nyingi inagoma), ongeza burst 32 ili zitoke kwa mafungu, alafu tumia kor (kiini cha prosesa) zaidi ya moja: kila kor ina faili lake, kpktgend_0, kpktgend_1 na kuendelea, unaandika add_device eth0@0 huku na eth0@1 kule (eth0 ni jina la kadi), pamoja na flag QUEUE_MAP_CPU kila moja ipate foleni yake.

Ila angalia hapa maana wengi wanaihukumu ruta kwa kuionea. Paketi zote zikiwa na anwani na poti zilezile (hapa poti ni namba iliyoandikwa kwenye paketi, sio tundu la kebo), ruta inazirundika kwenye foleni moja, kor moja inawaka moto na nyingine zimelala. Weka flag UDPSRC_RND ili poti ya mtumaji ichaguliwe kwa bahati nasibu, na upana wake kwenye udp_src_min na udp_src_max. Na ukumbuke clone_skb 1000 maana yake nakala zilezile zinarudiwa kwanza ndo poti ibadilike, kwa hiyo ishushe mpaka mtawanyiko uonekane upande wa pili.

Ukishafika hapo usiamini namba ya mtumaji. Hesabu paketi zilizopokelewa upande wa pili, punguza kasi kwa ratep (paketi kwa sekunde) mpaka isipotee hata moja, hiyo ndo spidi ya ruta kwa mujibu wa RFC 2544 ya 1999, mwongozo wa kupima vifaa vya mtandao, ambayo inataka kila jaribio liende angalau sekunde 60. Na anwani tumia za 198.18.0.0/15, zimetengwa kwa kazi hii, na mtandao uwe wa pembeni usioguswa na watu.

SWALI: Kwani iperf3 (programu ya kupima kasi kati ya mashine mbili) haitoshi?

JIBU: Kujua kama kebo na mashine mbili zinapitisha giga zinazodaiwa, inatosha. Lakini TCP, itifaki inayoitumia kwa kawaida, inajaza paketi kubwakubwa na inapunguza mwendo yenyewe ikiona zinapotea, kwa hiyo ruta haitabanwa kwa paketi ndogo.